Heri Simu Inayokukataa

Septemba 12, 2017, katika ukumbi mpya wa Steve Jobs huko Cupertino, California, Craig Federighi, mkuu wa programu wa kampuni ya Apple, alisimama jukwaani kuionyesha dunia simu inayofunguka kwa kutazamwa tu. Akaichukua iPhone X, akaitazama. Wapi! Akajaribu tena, simu ikamtaka aweke namba ya siri. Akacheka kidogo, akaiacha, akachukua ya akiba iliyokuwa pembeni. Hiyo ikamkubali.

Kejeli hazikukawia: simu ya dola 999 imemkana bosi wake, tena mbele za watu. Apple wakatoa maelezo. Kabla ya onyesho, wasaidizi nyuma ya jukwaa walikuwa wameishikashika simu ile, nayo ilikuwa inazikagua nyuso zao bila wao kujua. Ilipokutana na sura ngeni mara kadhaa, ikafanya ilichoundwa kufanya: ikaacha kuamini sura yoyote, hata ya bosi, ikadai namba.

Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo ilikuwa dakika bora kuliko zote katika onyesho lile. Kifaa kilichopita mikononi mwa watu kisiowajua kiliona hali si shwari, kikadai uthibitisho wa uhakika, na hakikujali kwamba aliyekishika ni mkubwa wala kwamba dunia nzima inatazama. Tungekuwa na maofisa wa namna hiyo kwenye kila kaunta ya umma, mengi yangenyooka.

Leo mambo hayo si ya jukwaani tena. Kufungua simu kwa uso kumefika kwenye daladala za Mbagala, vijiwe vya bodaboda vya Kisumu na foleni za benki za Kigoma. Na kila siku, mahali fulani, mtu anainua simu, inamtetemekea mkononi, anaigeuza huku na huku, anaitukana. Gizani imegoma. Juani imegoma. Miwani myeusi imeitia mashaka. Kisha inaleta kibodi cha namba, na hapo ndipo balaa linapoanza, kwa sababu namba yenyewe iliwekwa siku ya kununua simu, au aliiweka mtoto wa shangazi, na tangu hapo mwenye simu anaikumbuka nusunusu.

Lawama zote huishia kwa simu. Nadhani zinakwenda kwa asiyestahili. Simu kumkataa mwenyewe si ubovu. Simu isiyoweza kumkataa mwenyewe haitaweza kumkataa mwizi. Ubovu upo kwingine. Tumeuziwa uso kama ufunguo wakati haukuwahi kuwa ufunguo, na hakuna aliyejisumbua kutuambia ufunguo wenyewe uko wapi.

Tuangalie kinachotokea ndani. iPhone zenye utambuzi wa uso hurusha usoni vitone zaidi ya 30,000 vya mwanga usioonekana kwa macho, kamera yake ikasoma vilikotua, na chipu ikajenga ramani ya uso: kina cha macho, mwinuko wa pua, mkato wa taya. Ramani hiyo hugeuzwa kuwa hesabu, ikalinganishwa na hesabu iliyohifadhiwa siku ulipojiandikisha. Jibu linalopatikana si kwamba huyu ndiye. Ni kwamba huyu anafanana naye vya kutosha. Uso hauji mara mbili ukiwa uleule. Leo umevimba kwa usingizi, kesho una ndevu, keshokutwa umenyolewa, mwakani umekonda. Kwa hiyo mtengenezaji lazima achague kiwango cha kufanana. Akikilegeza, mdogo wako wa kuzaliwa ataingia. Akikikaza, wewe mwenyewe utabaki nje. Hakuna kiwango kinachoondoa makosa yote mawili. Kuna kuchagua tu kosa lipi livumiliwe zaidi.

Apple wenyewe wanasema uwezekano wa mtu baki kuifungua simu yako kwa uso wake ni mmoja kati ya milioni moja. Kwa alama ya kidole, iliyokuja na iPhone 5s mwaka 2013, ni mmoja kati ya 50,000. Lakini hapohapo wanaongeza kwamba hesabu hiyo haiwahusu mapacha, ndugu wanaofanana, wala watoto wa chini ya miaka 13 ambao sura zao bado hazijakomaa. Katika familia ambayo mapacha Kulwa na Doto wanalala chumba kimoja, maelezo hayo madogo ni makubwa.

Namba haina habari ya kufanana. Ukikosea tarakimu moja umekosea zote. Na kazi yake ni nzito kuliko kuwasha kioo. Picha, meseji na kumbukumbu zilizomo ndani ya simu ya kisasa huhifadhiwa zikiwa zimefumbwa kwa hesabu ngumu, na kinachozifumbua ni namba yako ikichanganywa na siri nyingine iliyopachikwa ndani ya chipu kiwandani. Uso hauwezi kuitoa hesabu hiyo, kwa sababu uso hukadiriwa, na hesabu hiyo haikubali makadirio. Unapoweka namba mara ya kwanza baada ya kuwasha simu, mlango mkubwa unafunguka; baada ya hapo uso unaruhusiwa kukupitisha bila usumbufu. Ni kama mlinzi wa geti aliyekuzoea: akikuona tu anakupisha. Lakini funguo za nyumba hanazo, na zamu ikibadilika, mlinzi mpya atakuuliza wewe ni nani.

Ndiyo maana iPhone iliyozimwa na kuwashwa hukataa uso. Hukataa pia ikikaa zaidi ya saa 48 bila kufunguliwa, au ikishindwa kuulinganisha uso mara tano. Na kama namba haijatumika kwa siku sita na nusu, na uso nao haujaifungua kwa saa nne zilizopita, simu itadai namba. Ndiyo maana wengi hukataliwa alfajiri wakadhani kosa ni sura ya usingizi. Simu za Android nazo huidai namba kila zinapowashwa upya, na hata zisipozimwa, hazikubali kupitisha siku nyingi bila kuiona. Katika hayo yote hakuna lililo la bahati mbaya. Yamepangwa, na sehemu ya mpango huo ni kukuzuia usisahau.

Hayo ni ya simu za gharama. Zinazouzwa kwa wingi Kariakoo, barabara ya Luthuli jijini Nairobi na katikati ya Kampala ni za Android: Tecno, Infinix, itel, Samsung za bei ya chini. Nyingi kati ya hizo hazina vitone wala mwanga usioonekana. Zina kamera ya selfi, basi. Kamera hiyo haipimi kina cha uso. Inaona picha. Google walipoleta kufungua kwa uso kwenye Android 4.0, mwishoni mwa mwaka 2011, haikuchukua muda watu wakagundua kwamba picha ya mwenye simu ilitosha kuifungua. Mwaka uliofuata wakaongeza sharti la kupepesa macho. Teknolojia imesonga mbele tangu hapo, ila si kwa wote: Januari 2019, chama cha kutetea walaji cha Uholanzi, Consumentenbond, kilitangaza kwamba katika simu 110 kilizozijaribu, 42 zilifunguka kwa picha tu.

Google sasa huzipanga njia hizi kwa madaraja, na uso unaosomwa na kamera ya kawaida mara nyingi huangukia daraja la chini, la kurahisisha maisha na si la kulinda mali. Hapo ndipo lilipo jibu la swali ambalo wengi wamewahi kujiuliza: kwa nini simu inafunguka kwa uso, lakini programu ya benki iliyomo ndani ya simu hiyohiyo inataka kidole au namba? Benki haiuamini uso uliosomwa namna hiyo. Simu yenyewe hutoa onyo siku ya kuandikisha uso, kwamba mtu anayefanana nawe anaweza kuifungua. Onyo hilo tunalipita kwa kubonyeza “Endelea”, na mara nyingi anayebonyeza ni muuzaji.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kulijua. Desemba 2019, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, ilichapisha matokeo ya kupima programu 189 za kutambua nyuso kwa kutumia picha zaidi ya milioni 18. Haikupima simu za mkononi. Ilipima programu zilizowasilishwa na watengenezaji. Katika nyingi, kosa la kuwachukua watu wawili tofauti kuwa mtu mmoja lilikuwa kubwa zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki, na dogo zaidi kwa watu wa Ulaya Mashariki. Kwa baadhi ya programu tofauti hiyo ilikuwa ya mara 10 hadi 100. Baadhi ya zile zilizotengenezwa China hazikuyumba hivyo kwa nyuso za Asia Mashariki, dalili kwamba programu huzijua vizuri nyuso ilizolelewa nazo.

Tukizungumzia mashine zinazobagua, tumezoea kuiwaza ile inayotufungia mlango. Linapokuja suala la fedha na siri za mtu, inayotisha zaidi ni ile inayotukubali sote, inayomwona jirani yako na kuapa kwamba ni wewe. Mwenye uso ambao mashine haikujifunza vizuri ana sababu zaidi ya wengine ya kutaka simu yenye msimamo.

Hiyo haina maana kwamba kila anayekataliwa anafaidi. Wapo watu ambao njia hii haikuwahi kuwafikiria. Wanawake wa Mombasa, Tanga na Unguja wanaovaa niqabu waliachiwa namba tangu iPhone X ilipotoka. Likaja janga la korona, California nayo ikafunika pua na mdomo, na mara dawa ikapatikana: Mei 2020 simu ikafundishwa kuleta haraka kibodi cha namba ikiona barakoa, na Machi 2022 iPhone 12 na za baada yake zikafundishwa kusoma eneo la macho peke yake. Kwa zaidi ya miaka minne tatizo lilikuwepo. Lilipowafika watengenezaji wenyewe ndipo likaitwa tatizo.

Vidole navyo vina watu vinaowaacha nje. Wakati wa usajili wa laini za simu kwa alama za vidole nchini Tanzania, uliofikia kilele Januari 2020, miongoni mwa waliohangaika ni watu wa kazi za mikono, ambao vidole vimelika kwa jembe, saruji na kokoto. Nchini Kenya, katika uchaguzi wa Machi 2013, vifaa vya kuwatambua wapiga kura kwa vidole viligoma katika vituo vingi, maofisa wakarudi kwenye daftari la karatasi. Kila utambuzi wa mwili unahitaji njia ya pili, na njia hiyo isidharauliwe kana kwamba ni ya walioachwa nyuma. Siku ya siku, ndiyo itakayokuokoa.

Sasa njoo kwenye meza ya fundi simu, mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Juu ya kioo cha meza kuna skrini zilizopasuka, pembeni mashine ya hewa moto na kompyuta ndogo yenye nyaya za kila aina. Mama mmoja wa makamo anafungua pindo la kanga, anatoa simu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hii simu imeacha kunitambua. Nikiweka namba nayo inakataa.”

“Namba uliiweka mwenyewe?”

“Aliniwekea kijana wa dukani, siku nanunua.”

“Na imeili iliyomo unaikumbuka?”

“Imeili?”

“Ile ya Gmail, mama. Ya kupakulia WhatsApp.”

“Si alinifungulia yuleyule.”

Fundi anaweka bisibisi chini. Ameshajua anakoelekea.

Anachokijua ni hiki. Simu za Android za zamani, hadi toleo la 4.4, zilikuwa na huruma: ukisahau mchoro wa kufungulia, uliweza kuingia kwa akaunti yako ya Google. Mlango huo ukazibwa. Leo, kwa simu nyingi, kilichobaki ni kuifuta yote, na picha za mjukuu na meseji za kikoba zinakwenda na maji. Hata ukiikubali hasara hiyo, tangu Android 5.1 ya mwaka 2015 kuna kufuli la pili: simu iliyofutwa bila kupitia kwenye mipangilio huuliza imeili na nywila ya akaunti iliyokuwemo. Kufuli hilo liliwekwa ili simu iliyoibwa isimfae mwizi. Mama huyu, ambaye akaunti yake ilifunguliwa na kijana wa dukani kwa jina la kubahatisha, mbele ya kufuli hilo hana tofauti na mwizi. Simu ameinunua kwa jasho lake na risiti anayo, lakini kompyuta za Google hazimjui.

Kosa la kweli liko hapo, na si kwenye kamera. Tumejenga mazoea ya kuuziwa simu ikiwa imeshafunguliwa kila kitu: muuzaji anaweka laini, anafungua imeili kwa haraka, anaandikisha uso wa mteja, anampa simu ikiwa inang'aa. Mteja anaondoka amefurahi, kwa sababu uso unafanya kazi. Alivyovikosa hatavijua mpaka siku uso utakapokataliwa: namba yake, imeili yake na nywila yake.

Mafundi wanaweza kupenya baadhi ya simu, hasa za zamani na za bei ya chini ambazo udhaifu wake umeshajulikana. Ila anayekuahidi kufungua simu yoyote mpya bila kupoteza hata picha moja, muulize maswali. Baada ya shambulio la San Bernardino, California, la Desemba 2015, lililoua watu 14, wapelelezi wa FBI walibaki na iPhone 5c aliyokuwa akiitumia mmoja wa washambuliaji, imefungwa kwa namba. Februari 2016 mahakama iliiamuru Apple iwatengenezee programu ya kulegeza kufuli hilo; Tim Cook, mkuu wa Apple wakati huo, akakataa hadharani. Serikali iliondoa shauri mwishoni mwa Machi, baada ya kupata msaada wa watu wengine walioweza kuingia. Kama dola yenye uwezo ule ilihangaika miezi kadhaa kwa simu moja, basi wa kibandani anayemaliza kazi kwa elfu thelathini ama amepata simu nyepesi, ama anakuuzia maneno.

Uso una udhaifu mwingine ambao namba haina: huwezi kuuficha. Mwili wa aliyelala hauna mlinzi. Novemba 2017 vyombo vya habari viliripoti kwamba ndege ya Qatar Airways iliyokuwa ikitoka Doha kwenda Bali ililazimika kutua Chennai, India, baada ya mke kuifungua simu ya mumewe kwa kidole cha mume huyo akiwa usingizini, akakuta aliyoyakuta. Kwa upande wa uso, iPhone kwa kawaida hutaka macho yawe wazi na yawe yanaitazama. Pixel 4 ya Google ilipotoka mwaka 2019 haikuwa na sharti hilo. Ilifunguka hata mwenyewe akiwa amefumba macho, mpaka ikarekebishwa mwaka uliofuata.

Halafu kuna askari mwenye haraka. Kukuinulia simu usoni ni jambo la sekunde moja, wakati namba haitoki kichwani usipoitamka. Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, na ya Kenya, kifungu cha 31, zinalinda faragha ya mtu. Lakini haki hiyo huja kutetewa mahakamani baadaye, simu ikiwa imeshapekuliwa. Mwenye iPhone anayejua anaingia mahali pa mashaka hushikilia kitufe cha pembeni pamoja na cha sauti mpaka ukurasa wa kuzima utokee. Hapo uso unaachishwa kazi papo hapo na namba inashika zamu. Ni vizuri kujua kwamba simu inaweza kukataa kwa agizo lako.

Na ipo siku uso hautakuwepo kabisa. Hatupendi kulisema, lakini misiba ya siku hizi haikosi simu iliyofungwa. Ndani yake kuna hesabu za kikoba, majina ya waliokopeshwa na marehemu, picha ya risiti ya kiwanja, sauti ambazo watoto wangependa kuzisikia tena. Mwaka 2018, polisi wa Largo, Florida, walikwenda hadi kwenye nyumba ya kuhifadhia maiti wakajaribu kidole cha marehemu kwenye simu yake. Wakatoka mikono mitupu. Fedha zilizo kwenye akaunti ya simu hufuatwa na msimamizi wa mirathi akiwa na cheti cha kifo, kwa utaratibu wake. Picha na meseji hupata mrithi kwa urahisi pale mwenyewe alipomteua mapema. Google waliweka njia hiyo mwaka 2013: mwenye akaunti anachagua nani apewe nini endapo akaunti itakaa kimya kwa miezi kadhaa. Apple wakafuata Desemba 2021, kwa yale yaliyohifadhiwa kwenye akaunti zao. Ni kazi ya dakika chache kwenye mipangilio. Wasia wa shamba tunauandika na kuuitia mashahidi. Wa simu hatuutaji.

Basi uso ukikataliwa, ufanye nini? Usibishane na kamera. Ipanguse, isogeze simu usawa wa uso kwa umbali wa mkono uliokunjwa, geukia mwanga, vua miwani myeusi, kisha jaribu tena. Ikikataa, nenda kwenye namba. Nayo namba isibahatishwe. iPhone huvumilia makosa machache, kisha huanza kukufungia nje kwa dakika, na dakika zinazidi kurefuka; ukifika kosa la kumi hakuna tena kuingia mpaka uifute, na kama uliiruhusu ijifute yenyewe, itajifuta. Aliyebadilisha namba karibuni akaisahau asikate tamaa haraka: tangu iOS 17 ya Septemba 2023, namba ya zamani inaweza kutumika ndani ya saa 72 ili kuweka mpya. Na kama jambo ni la kufa na kupona, 112 hupigwa bila kufungua chochote.

Lakini kazi yenyewe hufanyika kabla. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na simu ya leo ni mali iliyobeba mali nyingine. Andika. Najua tumefundishwa tusiandike namba za siri, na ushauri huo ulikuwa na maana enzi ambazo karatasi ilikaa pochi moja na kadi ya benki. Karatasi iliyo kabatini nyumbani, pamoja na hati na vyeti vya kuzaliwa, haijulikani na kibaka wa Posta. Andika namba ya kufungulia simu, imeili iliyomo na nywila yake, umwonyeshe mtu mmoja unayemwamini karatasi hiyo ilipo. Namba ya siri ya fedha usiiandike wala usimtajie mtu. Hiyo ukiisahau mtandao utakuhudumia kwa kitambulisho chako. Namba ya kufungulia simu haina ofisi ya kuisahihisha.

Kwa wauzaji nina ombi, na kwa mamlaka lilelile. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina ya kwake tangu Novemba 2019. Muuzaji anayemfungulia mteja akaunti akabaki na nywila anabaki na uwezo wa kusoma barua za mtu, kutazama picha zake na kujua alipo. Hata akiwa mwaminifu, hana haki ya kuwa na uwezo huo. Mazoea haya yakome. Mteja aandike imeili yake kwa mkono wake mwenyewe, na kabla hajatoka dukani aizime simu, aiwashe, aifungue kwa namba bila kusaidiwa. Muuzaji aliyetumia nusu saa kusifia kamera hatashindwa kuongeza dakika tano.

Na wewe msomaji, usisubiri kugomewa. Jipime leo: iandike namba yako kwenye karatasi bila kuuliza mtu, kisha zima simu, iwashe, uone kama inafunguka. Ila mkono ukisita unapoandika, usiizime. Maadamu uso bado unapita, hamishia kwanza picha na namba za watu kwenye kompyuta au kwenye akaunti ambayo nywila yake unaijua, ndipo ushughulike na namba iliyopotea. Nafasi hiyo uso utakupa kwa siku chache tu. Siku ya kudaiwa namba simu imeshaipanga, na haitakuuliza kama uko tayari.